Tuta la Hirogawa na Ujira wa Kibarua

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya ujenzi mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)

  

Katibu aliniomba niseme machache juu ya safari yangu ya Japani, na akanionya nisipitilize kwa sababu pilau inapoa. Nitajitahidi. Nilikwenda kule kwa mafunzo ya kazi, nikakaa Osaka miezi miwili. Habari za Osaka, majengo yake na treni zake, mmeziona kwenye televisheni, sina haja ya kuwachosha nazo. Nataka kuwaeleza siku moja tu, Jumapili niliyokwenda kwenye mji mdogo wa pwani unaoitwa Hirogawa, mkoa wa Wakayama. Na niseme mapema sababu yake. Yale niliyoyaona huko yamenigeuza juu ya jambo ambalo tutalipigia kura baada ya chakula, yaani fungu la ujira wa vibarua katika ujenzi wa wodi ya wazazi. Mnaonikumbuka mwaka juzi mnajua kwamba mimi ndiye niliyesimama kulipinga.

Treni inatoka stesheni ya Tennoji, inaelekea kusini, na baada ya muda bahari inaanza kuonekana upande wa kulia. Safari ni zaidi ya saa moja. Unashuka Yuasa. Huu ni mji wa zamani ambao Wajapani wenyewe wanautaja kuwa chimbuko la sosi yao ya soya, ile nyeusi mnayoiona kwenye hoteli za Wachina. Husimuliwa kwamba katika karne ya 13 mtawa mmoja alirudi kutoka China na ujuzi wa kuchachusha soya, watu wakagundua kwamba majimaji yanayobaki chini ya pipa ni matamu kuliko chenyewe kilichokusudiwa. Mitaa ya nyumba za mbao ipo mpaka leo, nayo inalindwa kisheria tangu mwaka 2006. Ukipita, harufu inakupokea kabla hujauona mlango. Vilima vyote nyuma ya mji ni mashamba ya machenza. Nilinunua mfuko mmoja kwenye meza ya kando ya njia isiyokuwa na muuzaji, kuna kikopo tu cha kutilia hela. Nikajiuliza kikopo kile kingekaa siku ngapi pale kivukoni kwetu. Msicheke, mnajua jibu.

Kutoka Yuasa nilikwenda kwa miguu, kwa sababu Hirogawa ni jirani. Mji umetulia. Niliokutana nao wengi ni wazee, na vijana, niliambiwa, wako Osaka. Nikasema moyoni, basi nimefika nyumbani.

Na sasa nifike kwenye tuta. Mbele ya mji, kati ya nyumba na bahari, kuna tuta la udongo lenye urefu wa karibu mita 600, kimo chake mita 5, na chini lina upana wa mita 20 hivi. Juu yake pameota majani na miti. Asiyejua angelipita akidhani ni kilima. Hakuna zege. Nilipanda juu, nikasimama: upande mmoja bahari, upande wa pili mapaa ya nyumba, watu wanaanika nguo. Lilijengwa kwa mikono ya wanakijiji kati ya mwaka 1855 na 1858.

Jioni ya tarehe 24 Desemba 1854 palitokea tetemeko kubwa, na bahari ikaja juu. Wakati ule mahali hapo paliitwa kijiji cha Hiro, na palikuwa na nyumba 339. Nyumba 125 zilichukuliwa na maji moja kwa moja, na nyingi kati ya zilizobaki ziliharibika. Alikuwapo mtu mmoja jina lake Hamaguchi Goryo, umri wake miaka 34. Wimbi la kwanza lilimkumba yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Giza likaingia, watu wako majini na mashambani hawajui mahali pa juu ni wapi. Akawasha moto marundo ya mabua ya mpunga yaliyokuwa mashambani, moja baada ya jingine, ili waliopotea waufuate mwanga mpaka kwenye hekalu lililoko kilimani. Wimbi kubwa kuliko yote likaja baadaye na kuyazoa hayo marundo yenyewe. Walikufa watu wapatao 30 katika kijiji kizima.

Habari ya moto ule imesafiri duniani. Mwandishi Lafcadio Hearn aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1897, na kuanzia 1937 hadi 1947 watoto wa Japani waliisoma kwenye kitabu cha shule, kwa maandishi ya mwalimu wa sehemu hizo hizo, Nakai Tsunezo. Katika hadithi hiyo Goryo amegeuzwa kuwa mzee anayeishi mlimani, anachoma mavuno yake yote kabla ya wimbi kufika. Ni hadithi nzuri. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2015, uliifanya tarehe 5 Novemba kuwa siku ya dunia ya kukumbusha hatari ya tsunami, kwa sababu kwa kalenda ya zamani ya Kijapani mkasa wa Hiro ulitokea siku ya tano ya mwezi wa kumi na moja. Na jambo hili si la Wajapani peke yao. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka bahari hii yetu, ikaua watu Dar es Salaam, na Somalia ikaua mamia.

Lakini ndugu zangu, mimi sikuja kuwahadithia moto. Moto ulikuwa wa usiku mmoja. Kilichonishika ni asubuhi yake, na miaka minne iliyofuata.

Yule Goryo alikuwa nani? Alikuwa mtu kama sisi tuliomo humu ukumbini, kwa maana ya kwamba riziki yake haikuwa kijijini. Ukoo wake ulitoka Hiro, lakini tangu mwaka 1645 ulikuwa na kiwanda cha sosi ya soya mji wa Choshi, upande mwingine kabisa wa Japani, mamia ya kilomita. Kiwanda kipo hadi leo, kinaitwa Yamasa. Yeye aliishi huku na huku: sehemu ya mwaka Choshi kwenye biashara, sehemu ya mwaka nyumbani. Fedha zikichumwa ugenini zinarudi Hiro. Hata kabla ya mkasa, mwaka 1852, yeye na wenzake walikuwa wameanzisha mahali pa kuwafundishia vijana wa kijiji.

Usiku ule ule wa wimbi alikwenda kukopa mchele kijiji jirani ili watu wale. Baadaye akajenga nyumba 50 za waliokosa makazi, akatoa zana za kilimo na za uvuvi. Na hapo ndipo alipoona tatizo ambalo chakula hakilitibu. Watu walikuwa wanafunga virago. Shamba limejaa chumvi, mashua imevunjika, na bahari itarudi tena: kwa nini mtu abaki?

Ndipo akaamua kujenga tuta, na akaamua walijenge wanakijiji wenyewe, wanaume kwa wanawake, na walipwe. Hakuita msaragambo. Hakuleta genge la wafanyakazi kutoka mjini. Kazi ilifanyika hasa nyakati ambazo shamba halina kazi, na mtu alilipwa ujira wa siku yake. Hesabu imehifadhiwa: ukijumlisha kila mtu na kila siku aliyofanya kazi, unapata siku 56,736. Gharama ilikuwa ryo 1,572, sarafu za dhahabu za zama zile, na zilitoka mfukoni mwake. Kwenye jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2007 katika nyumba iliyokuwa ya ukoo wake, nilisimama mbele ya hesabu ile kwa muda mrefu. Mama aliyekuwa ananitembeza, kwa msaada wa simu ya kutafsiri, alinieleza kwamba wageni wengi huuliza habari za moto na wachache huuliza habari za malipo.

Nilichokiona mimi ni kwamba fedha moja ilifanya kazi mbili. Ilijenga tuta, na ikamfanya mtu abaki kijijini akiwa na cha kuweka mezani. Na aliyebaki ndiye aliyelijua tuta: anajua udongo ulichotwa wapi, anajua palipo dhaifu. Hata miti haikupandwa ovyo. Upande wa bahari walipanda misonobari ya kuvunja nguvu ya maji, upande wa kijiji wakapanda miti ambayo matunda yake hutoa nta ya mishumaa, ili tuta liwe na kipato.

Je, lilifaa kitu? Tarehe 21 Desemba 1946 bahari ilikuja tena, wimbi la kama mita 4. Goryo alikuwa amekwisha kufa zamani, mwaka 1885, tena New York, akiwa safarini. Tuta lilikuwa na miaka 88. Lilizuia, na sehemu kubwa ya kijiji ikasalimika. Nisiwafiche lakini: mahali ambapo tuta halikufika, ambako watu walikuwa wamejenga baadaye, maji yaliingia na watu walikufa. Wenyeji hawalifichi hilo, wanalionyesha kwenye ramani.

Na kila mwaka mwezi wa Novemba, tangu 1903, wanafanya kumbukumbu pale pale tutani. Watoto wa shule wanabeba udongo na kuumwaga juu ya tuta. Udongo wenyewe ni kidogo, hauongezi kitu cha maana. Ila mtoto akishapandisha udongo pale akiwa na miaka kumi na mbili, huna haja ya kumweleza tuta lile ni la nani.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka juzi nilisema hapa kwamba kumlipa mtu wa kijijini kujenga wodi atakayojifungulia mke wake mwenyewe ni kumzoesha vibaya. Nikasema wazee wetu walijenga shule kwa msaragambo na hawakudai hata senti. Nikapigiwa makofi, na fungu likafutwa. Tukachukua mkandarasi kutoka nje, akaja na vijana wake. Vijana wetu walikaa chini ya mwembe wakitazama. Mliofika huko Idi iliyopita mmeliona boma: kuta zimesimama hazina paa, ukuta wa nyuma una ufa, miimo miwili ya milango imeng'olewa na hakuna aliyeona. Fundi simu hapokei. Na wale vijana wa chini ya mwembe, watatu ninaowajua mimi sasa wako Tanga mjini wanaendesha bodaboda za watu.

Nilipompigia shangazi yangu kumlalamikia kwamba watu wa nyumbani wameacha boma liibiwe, alinijibu kwa maneno matatu tu: mkono mtupu haulambwi. Sikumwelewa mpaka niliposimama juu ya tuta la watu wa mbali.

Najua hoja za upande wa pili, maana zilikuwa zangu. Goryo alikuwa tajiri, sisi ni walimu, makarani, wauguzi na wauza duka. Kweli. Hatuna ryo 1,572. Lakini hatujengi mita 600 za tuta pia, tunamalizia jengo lenye vyumba vinne. Hoja nyingine ni kwamba fedha za ujira huliwa. Kweli pia, zikipitia mikono mingi. Ndiyo maana kamati imependekeza malipo yafanyike jioni ya siku ya kazi, kwenye daftari lenye sahihi au dole gumba, na daftari lisomwe hapa mbele yenu mwakani. Msaragambo haujafutwa: kusomba maji na kusafisha eneo kutabaki kazi ya kujitolea kama kawaida. Fundi mkuu atatoka nje kwa sababu ya ufundi wa paa, ila wasaidizi wake wote watakuwa watu wa kijijini, na akina mama wasiachwe. Mikono waliyonayo ndiyo iliyochimba msingi wa zahanati tuliyonayo.

Fungu lenyewe ni kama robo ya makisio yote, mtaliona ukurasa wa bajeti kwenye kijitabu hiki. Wanaotaka lipunguzwe waseme lipunguzwe wapi, sitakasirika. Mabati yamekwisha nunuliwa na yako salama kwa mwenyekiti wa kijiji. Kazi inaweza kuanza masika ikiisha, kabla ya watu kuingia kwenye mavuno. Karatasi za ahadi ziko mezani kwa mhazini, pale karibu na mlango, na anapokea pia kwa simu.

Machenza niliyowaahidi wajumbe wa kamati yaliishia kwenye treni.