Shujaa wa Jaladani

Msikilizaji, simulizi za kashfa za makampuni huwa na mhusika asiyekosekana: mwajiriwa mwema, peke yake, mbele ya mabosi wezi. Sherron Watkins wa kampuni ya nishati ya Enron, kule Marekani, ndiye mfano maarufu. Mwishoni mwa 2002 jarida la Time lilimweka jaladani pamoja na wanawake wengine wawili, kama watu wa mwaka.

Hebu tutazame alichofanya hasa. Agosti 2001 alimwandikia mwenyekiti, Kenneth Lay, barua isiyo na jina, akihofia kampuni ingelipuka kwa kashfa za kihasibu. Kisha akajitokeza, wakaonana ana kwa ana. Siku mbili baadaye wakili akaiandikia Enron kwamba sheria ya Texas haimlindi mfichuaji wa namna hiyo. Yaani suala la kumfukuza lilikuwa tayari mezani!

Barua haikupelekwa gazetini wala polisi. Ilibaki ndani hadi wachunguzi wa Bunge walipoitoa hadharani Januari 2002, Enron ikiwa imeshafilisika. Ndiyo maana wapo waliombeza kwamba alimwonya bosi, si umma. Wana hoja, ingawa ni rahisi kusema hivyo mshahara wako ukiwa salama.

Kinachonikera ni jalada lenyewe. Shujaa akishapatikana, wakaguzi wa hesabu za Enron kutoka Arthur Andersen na benki zilizosaidia kupanga mikataba ya kampuni hiyo wanasukumwa pembeni, na wafanyakazi waliopoteza akiba zao za uzeeni wanaambulia aya moja.