Nati za Ekzosi Zisizofikika kwa Urahisi



Wengi wetu hubadilisha ekzosi wenyewe nyumbani siku ya Jumapili, maana gereji ni ghali. Si vibaya. Lakini kazi hiyo isimwue mtu.

Kwanza, jeki ni ya kuinulia gari, si ya kutegemea ukiwa umelala chini yake. Weka stendi za chuma juu ya ardhi ngumu, zuia magurudumu, kisha sukuma gari kwa mkono. Likitikisika, usiingie. Vaa miwani, kwa kuwa kutu huanguka machoni.

Nati zinazosumbua ni zile za juu, bomba linapoungana na manifoldi. Injini ikiwa imepoa, zitie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uziache mpaka asubuhi. Spana ya mdomo wazi huharibu pembe za nati. Tumia soketi ya pembe 6, uiunge na chuma kirefu, hata viwili, pamoja na kiungo kinachopinda, ili mpini uzunguke mahali penye nafasi. Nati ikikataa, ikaze kidogo, halafu uilegeze. Nguvu za ghafula hukata boliti.

Ukirudisha, weka gasketi mpya, shikisha nati zote kwa vidole, nyosha bomba, ndipo ukaze kutoka mbele kwenda nyuma.

Mwisho, washa injini nje, usikilize kama inavuja. Moshi huo una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Nati uliyoiacha kwa sababu haifikiki ni deni, na atakayelilipa ni mtoto wako aliyelala kiti cha nyuma.