Hewa ya ndani ya nyumba: ni kifaa kipi cha kuipimia?

Mwezi Desemba mwaka 2020, mtoto Awaab Ishak alifariki dunia mjini Rochdale, kaskazini magharibi mwa England, siku chache tu baada ya kutimiza umri wa miaka miwili. Uchunguzi wa kisheria uliokamilika Novemba 2022 ulibaini kwamba maradhi ya kupumua yaliyomwua yalisababishwa na kuvu iliyotanda katika nyumba ya kupanga walimoishi wazazi wake. Baba yake alikuwa amelalamika mara kwa mara. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, inayowabana wamiliki wa nyumba za kijamii kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda maalumu, ilianza kutekelezwa England Oktoba 2025.

Kuvu huonekana kwa macho. Mengi mengine yanayochafua hewa ya ndani hayaonekani, na ndiyo maana vifaa vidogo vya kuipima vimejaa madukani, kuanzia London hadi Muscat. Lakini msikilizaji anayetaka kununua kifaa hicho hana budi kwanza kujiuliza swali moja: ni kitu gani hasa anachokihofia nyumbani kwake? Hakuna kifaa kinachopima kila kitu.

Panapofukizwa udi au kukaangwa vyakula madirisha yakiwa yamefungwa, adui mkuu ni chembechembe za moshi. Zile zinazoitwa PM2.5 ni ndogo mno, kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuzishinda takriban mara 30, na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza wastani wa chembe hizo usizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo kwa siku, na 5 kwa mwaka. Vifaa vya bei nafuu huzikadiria kwa kumulika mwanga wa leza hewani. Kasoro yake ni kwamba unyevu mwingi unaweza kukifanya kifaa kionyeshe kiwango kikubwa kuliko kilichopo. Kwa hiyo mabadiliko ya tarakimu, kabla na baada ya chetezo kuwashwa, yana maana zaidi kuliko tarakimu moja pekee.

Katika vyumba vinavyolala watu wengi, au vyenye kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile, kipimo kinachofaa ni cha hewa ukaa. Nje, kiwango chake ni zaidi kidogo ya sehemu 420 katika kila milioni. Idara ya Afya na Usalama Kazini ya Uingereza husema kiwango kinachozidi 1,500 mara kwa mara ni dalili ya hewa isiyobadilishwa ipasavyo. Hapa mnunuzi ajihadhari. Baadhi ya vifaa havipimi hewa ukaa kabisa, bali huikisia kutokana na mvuke wa kemikali nyingine, kama marashi na dawa za kusafishia. Maelezo kwenye boksi yataje kihisio kinachotumia miale ya infraredi, yaani NDIR.

Kwa kuvu, hata kipimo rahisi cha unyevu husaidia. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, linashauri unyevu wa ndani usifike asilimia 60, na vyema zaidi uwe kati ya 30 na 50.

Gesi ya radoni, itokayo ardhini, huhitaji kipimo chake maalumu. EPA inakadiria kuwa radoni husababisha vifo takriban 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini Marekani. Maeneo ya Cornwall na Devon nchini Uingereza nayo yanajulikana kwa gesi hiyo.

Hatari iuayo upesi zaidi ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, itokayo kwenye mkaa au jiko la gesi lenye hitilafu. Kifaa cha kawaida cha ubora wa hewa si mbadala wa king'ora cha gesi hiyo. King'ora hicho kiwe na alama ya EN 50291 barani Ulaya, au UL 2034 nchini Marekani. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya kuota moto, hata kama king'ora kipo.

Kifaa kikishanunuliwa, kiwekwe panapokaa watu, kimo cha pua ya mtu aliyeketi au kulala, mbali na dirisha na jiko. Kwa mpangaji, kumbukumbu za vipimo zenye tarehe, pamoja na picha, huweza kuwa ushahidi mbele ya mwenye nyumba.

Hata hivyo, kupima si kusafisha. Tarakimu ikipanda, dirisha lifunguliwe ikiwa hewa ya nje ni safi, feni ya jikoni iwashwe, udi upunguzwe. Mwenye fedha za kifaa kimoja tu, basi na aanze na king'ora.