Mkufunzi wa Makuruta na Msimamizi Wake

Utangulizi

Septemba 1988, makuruta 50 wa polisi waliripoti katika chuo cha mafunzo cha Agawam, jimbo la Massachusetts, Marekani. Siku ya kwanza ilikuwa ya mbio, pushapu na kuchuchumaa, na maji ya kunywa yalikuwa haba. Kabla siku haijaisha, kuruta mmoja alikuwa ameanguka. Wenzake zaidi ya kumi walilazwa hospitalini, misuli yao ikiwa imeumia kiasi cha kuzilemea figo. Aliyeanguka alibadilishiwa ini, lakini wiki kadhaa baadaye alifariki.

Visa kama hiki vikitokea, lawama humwangukia mkufunzi aliyekuwa uwanjani. Mada hii inapanda ngazi moja juu yake. Inamhusu yule anayempangia mkufunzi ratiba, anayepitisha andalio lake la somo, anayesaini tathmini zake na mwenye mamlaka ya kumwondoa. Hoja yake ni moja: mkufunzi husimamiwa pale anapofundishia, na msimamizi asiyefika uwanjani hasimamii chochote isipokuwa karatasi.

Ukali wenye kazi na ukali mtupu

Hakuna anayedai kwamba depo iwe mahali pa starehe. Askari atakimbiza wahalifu, atatukanwa, atakesha lindoni; lazima mwili na moyo wake vizoee shida. Hata hivyo, kila zoezi linapaswa kuwa na jibu la swali rahisi: kuruta anajifunza nini hapa? Kuruta anayenyimwa maji hajifunzi ukakamavu. Anachojifunza ni kwamba mwenye cheo anaweza kumtesa asiye nacho na asiulizwe, na somo hilo ataondoka nalo hadi mahabusu na gerezani.

Massachusetts ilirudi kwenye maumivu ya mwaka 1988. Tarehe 12 Septemba 2024, katika chuo cha polisi wa jimbo hilo kilichopo New Braintree, kuruta alianguka wakati wa zoezi la ngumi ulingoni. Alifariki siku iliyofuata, na ngumi za kupigana kwa nguvu zikasitishwa chuoni hapo. Miaka 36 ilikuwa imepita tangu Agawam. Yawezekana kabisa chuo kikawa na kanuni zilizoandikwa vizuri, na bado zoezi moja likaendelea kwa sababu tu limezoeleka. Kazi ya msimamizi ni kuyapitia mazoea hayo moja moja kabla hayajaua mtu.

Masomo yanayobeba hatari

Silaha, udereva na mbinu za kujihami hazivumilii uzembe. Florida imeweka kanuni kwamba kwenye uwanja wa shabaha mkufunzi mmoja asiwe na makuruta zaidi ya sita wanaofyatua. Kiwango hicho kinaheshimu mpaka wa jicho la binadamu: akipewa kumi na watano, wapo ambao hatawaona.

Lakini Florida hiyohiyo ilipata msiba. Agosti 2016, katika mji wa Punta Gorda, polisi waliwaalika raia kujionea kazi yao. Katika onyesho la lini askari afyatue na lini asifyatue, bastola iliyodhaniwa kuwa na risasi baridi ilitoa risasi halisi, na mwanamke wa miaka 73, mkutubi mstaafu, akauawa. Aliyefyatua alishtakiwa. Mkuu wa polisi wa mji naye alifikishwa mahakamani kwa uzembe, ingawa aliachiwa huru.

Mfano huu si wa makuruta, lakini unamhusu kila msimamizi. Silaha ya mafunzo hukaguliwa na watu wawili, na wa pili asiwe yule atakayeitumia. Risasi za moto hazikaribii eneo la maonyesho. Masharti haya ni mepesi kuyakariri. Ugumu upo katika kuhakikisha yanafuatwa hata siku ambayo kila mtu ana haraka.

Mkufunzi wa kazini

Kuruta akishahitimu, anakabidhiwa kwa askari mzoefu ndani ya gari la doria. Hapo ndipo usimamizi hulegea zaidi, kwa sababu darasa halina kuta.

Mwaka 1970, askari mgeni wa San Jose, California, alipata ajali akiwa kazini na abiria wa gari jingine akafa. Alifukuzwa, na mapitio ya faili lake yakafichua mapengo makubwa katika namna idara ilivyowafunza na kuwapima askari wapya. Kutokana na tukio hilo, mwaka 1972 San Jose ilianzisha mpango ambamo mkufunzi wa kazini humpima mwanafunzi wake kila siku kwa maandishi, kwa alama 1 hadi 7, katika vipengele vilivyotajwa wazi. Idara nyingi za Marekani ziliuiga.

Mpango huo unampima mwanafunzi. Je, mkufunzi anapimwa na nani? Jiji la Minneapolis, Marekani, lilitoa jibu chungu. Derek Chauvin, askari wa miaka 19 kazini, alikuwa mkufunzi wa kazini. Mwaka 2017 alimpiga kwa tochi mvulana wa miaka 14 na kumkandamiza kwa goti. Kamera za askari zilinasa tukio hilo. Aliendelea kukabidhiwa wageni. Tarehe 25 Mei 2020, alipomkandamiza raia George Floyd shingoni kwa goti hadi akafa, askari wawili waliokuwa wakimsaidia kumshika walikuwa na siku chache tu tangu wamalize mafunzo, na mmoja wao alikuwa amefunzwa na Chauvin mwenyewe. Mwingine aliuliza mara mbili kama wamgeuze Floyd ubavu. Chauvin alikataa, na waliomtazama kama mwalimu wao wakamtii. Wote wawili walitiwa hatiani.

Magereza

Uasi wa gereza la Attica, New York, Septemba 1971, ulisababisha vifo vya watu 43, wafungwa na watumishi. Uliamsha taifa kuhusu maandalizi duni ya askari magereza, na mwaka 1974 Taasisi ya Taifa ya Magereza ya Marekani ikaundwa. Leo Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka kila mtumishi wa gereza afunzwe kabla ya kuanza kazi, masomo yakiwemo haki za wafungwa na huduma ya kwanza. Msimamizi makini huuliza ni saa ngapi za ratiba zinakwenda kwenye masomo hayo, na ngapi kwenye kwata.

Mapendekezo

Kwa vyuo vya polisi vya Moshi (Tanzania) na Kiganjo (Kenya), na vya magereza vya Kiwira (Tanzania) na Ruiru (Kenya), mada hii inapendekeza mambo manne.

1. Faili la nidhamu la askari lisomwe lote kabla hajateuliwa kuwa mkufunzi, na lisomwe tena kila mwaka.
2. Msimamizi ahudhurie masomo bila kutoa taarifa, hasa wiki ya kwanza ya kozi.
3. Mtu yeyote uwanjani, kuruta akiwemo, awe na haki ya kusimamisha zoezi akiona hatari, bila kuadhibiwa.
4. Makuruta wawatathmini wakufunzi wao kwa siri, na majibu yamfikie mkuu wa chuo moja kwa moja.

Vikundi vya majadiliano vianze na pendekezo la tatu. Ndilo litakalopingwa zaidi, na washiriki waeleze ni kwa utaratibu gani kuruta atapaza sauti mbele ya afande wake na nidhamu ya chuo ibaki imara.