Kabla ya robine, tuulize wenye kubeba bidoni



Tunataka robine ya wote hapa Majengo, Goma. Ni vizuri. Lakini itakuwa ya nani? Tukijibu tu «ya wakaaji», hatujajibu kitu.

Inchi yetu ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Hakuna karatasi ya ofisi yenye itatuambia kartie yetu ya leo iko na nani. Itabidi tutembee.

Tukiitisha mkutano saa nane mchana, nani atakuja? Sisi wenye diplome bila kazi. Wamama wako sokoni, watoto wako masomoni. Tutasikia wenye hawavomake maji.

Basi tushuke saa kumi na moja asubuhi, pale bidoni zinapangwa. Tuulize: unavoma bidoni ngapi kwa siku? Unalipa franga ngapi? Saa gani unaogopa kutoka? Turudi tena jioni, juu wa jioni si wale wa asubuhi.

Tusisahau wenye kusukuma chukudu na kuuza maji. Robine inaweza kuwanyima chakula cha watoto. Tusipowasikia leo, kesho watakuwa wa kwanza kuipinga, na watakuwa na haki.

Majibu tuyasome mbele ya kartie, watu wenyewe watukosoe. Kisha njo tuende Regideso. Hapo hakuna mtu atatuambia tunasema kwa jina letu tu.

Nani anakuja kesho asubuhi?