Hundi Imeandikwa Jina la Nani? Sheria za Marekani za Kuhamisha Akiba ya Uzeeni

Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, na mfuko wake wa pensheni ukabainika kuwa hautoshi. Waliokwisha kustaafu walilipwa chao chote. Wafanyakazi wapatao 4,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 59, waliambulia takribani asilimia 15 ya haki yao. Waliokuwa chini ya miaka 40 hawakupata hata senti. Kilio hicho kilifika Bungeni na kikakaa huko zaidi ya muongo mmoja, hadi Septemba 2, 1974, Rais Gerald Ford alipotia saini ERISA, sheria ya kulinda mafao ya wafanyakazi.

Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha akaunti binafsi ya kustaafu, IRA, na ndiyo iliyomruhusu anayebadili kazi kuondoka na akiba yake bila kutozwa kodi njiani. Mwaka 1978 kikaongezwa kifungu kilichozaa akaunti za 401(k), ambamo sehemu ya mshahara huwekwa kando kila mwezi kabla ya kodi. Pensheni ya mwajiri, ile ya kulipwa mpaka kufa, ikaanza kupungua katika kampuni binafsi. Mfanyakazi akawa mlinzi wa uzee wake mwenyewe, na kila anapoacha kazi anakabidhiwa fomu.

Fomu hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu, maana ndani yake mna swali moja linaloamua karibu yote: pesa itapita mikononi mwa nani?

Uko mfano ulio karibu na Waswahili wengi wa ughaibuni. Muuguzi msaidizi mwenye umri wa miaka 41 anaacha kazi katika nyumba ya wazee huko Minneapolis. Kwenye 401(k) yake mna dola 50,000. Akichagua kuhamisha moja kwa moja, mfuko wa zamani unautumia mfuko mpya dola zote 50,000 na hakuna kinachokatwa. Hundi yenyewe inaweza hata kupitia sanduku lake la barua. Almuradi imeandikwa jina la taasisi inayopokea, kwa manufaa yake, sheria huhesabu kwamba hakuigusa.

Akiomba hundi kwa jina lake, mambo hugeuka. Tangu 1993 mfuko wa mwajiri unalazimika kukata asilimia 20 na kuipeleka mamlaka ya kodi, IRS, kwa hiyo mkononi anapokea dola 40,000. Ana siku 60 za kuzirudisha kwenye akaunti ya kustaafu, na hapa ndipo wengi wanaponaswa: anatakiwa kurudisha 50,000, si 40,000. Zile 10,000 zilizokatwa azitafute mfukoni mwake, kisha asubiri marejesho ya kodi mwaka unaofuata. Asipozipata, zinahesabiwa kuwa mapato yake ya mwaka huo, na kwa kuwa hajafikisha miaka 59 na nusu, anaongezewa tozo ya asilimia 10, yaani dola 1,000 nyingine.

Mtu aliyeachishwa kazi juzi, mwenye kodi ya nyumba inayomngoja na ndugu wanaopiga simu kutoka Mombasa au Bukavu, ndiye anayetakiwa kutoa dola 10,000 taslimu ndani ya miezi miwili. Sheria imemwekea mtego saa ile ambayo hana nguvu. Haitoshi kusema alipewa karatasi ya maelezo. Kuhamisha moja kwa moja kungepaswa kuwa ndiyo njia ya kawaida, na anayetaka hundi ndiye aiombe kwa maandishi. Bunge limeanza kusogea huko kwa akaunti ndogo tu: chini ya sheria ya 2022, salio lisilozidi dola 7,000 linaweza kumfuata mfanyakazi hadi kwa mwajiri mpya bila yeye kuomba. Mwenye 50,000 bado yuko peke yake.

Wala usomi haumwokoi mtu. Mwaka 2008 Alvan Bobrow, mwanasheria wa kodi, alitoa dola 65,064 kutoka IRA yake moja mwezi Aprili, kisha kiasi kilekile kutoka IRA yake ya pili mwezi Juni, akirudisha kila fungu ndani ya siku 60. Julai 31 mkewe naye akatoa dola 65,064 kutoka yake. Marejesho ya mke yalifanyika Septemba 30, siku ya 61. Januari 2014 Mahakama ya Kodi iliamua kwamba mtu anaruhusiwa kutoa na kurudisha mara moja tu katika miezi 12, hata awe na IRA ngapi, na kwamba mke alichelewa. Kijitabu cha IRS yenyewe kilikuwa kikieleza kwamba kila IRA ina hesabu yake. Ikabidi IRS itangaze kuwa tafsiri mpya itawabana walipakodi wengine kuanzia Januari 1, 2015. Uhamisho wa moja kwa moja kati ya taasisi na taasisi haumo katika hesabu hiyo. Mtu anaweza kuufanya mara nyingi apendavyo.

Kuhamisha kwa njia sahihi nako kuna gharama zisizoandikwa kwenye hundi. Aliyeacha kazi akiwa na miaka 55 au zaidi anaweza kutoa pesa kwenye 401(k) ya mwajiri huyo bila tozo ya asilimia 10. Akishaipeleka IRA, nafuu hiyo inapotea mpaka atimize miaka 59 na nusu. Anayerudi nyumbani kwa kudumu naye ajue kwamba akiba hiyo haihamishiki kwenda mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa Kenya wala wa Tanzania bila kuhesabiwa kuwa imetolewa. Asiye raia, akishaacha kuwa mkazi wa Marekani, kwa kawaida hukatwa asilimia 30 anapoitoa, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hizo mbili wa kuipunguza.

Jambo la mwisho linawahusu wake na waume. Katika 401(k), mwenzi wa ndoa ndiye mrithi hata kama jina lake halikuandikwa, isipokuwa amekubali kwa maandishi kumpisha mwingine. Ulinzi huo haufuati pesa ikihamia IRA. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa iliamua kesi ya mjane aliyedai IRA ya marehemu mumewe, iliyotokana na mfuko wa kazini. Kwenye fomu ya IRA yalikuwamo majina ya watoto wa mume. Watoto ndio waliolipwa.