Kufula Nguo za Nyumbani: Maneno ya Moniteri kwa Watu wa Vijiji vya Karibu na Mashimo

Mara ya mwisho tulisema habari ya muhogo. Leo nataka kusema habari ya nguo. Ninaona wengine wanacheka: moniteri wa mashamba anatafuta nini katika beseni ya wamama? Ngojeni kidogo, mtaona sababu.

Katika vijiji vyetu kuna nyumba nyingi ambamo mama analima, na baba au kaka anachimba shaba na kobalti. Jioni mchimbaji anarudi na mavumbi juu ya shati, juu ya suruali, hata ndani ya mifuko. Anaketi juu ya kitanda. Anapakata mtoto. Mavumbi yale hayabaki juu ya nguo yake. Yanashuka juu ya shuka, juu ya mkeka, juu ya sahani.

Sikieni habari ya Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi. Katika mwaka 2014 watu waliona kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba katika viwanja vyao. Waganga wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima damu na mkojo wa watu wa pale, na mavumbi pia. Habari yake ilitoka katika mwaka 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mwilini kupita sana watu wa mtaa wa jirani usio na mashimo, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Mtoto mdogo hashuki shimoni. Anatambaa chini, anashika kitu, anatia mkono kinywani.

Basi, jambo la kwanza ninaloomba ni hili: nguo ya shimo isiingie chumba cha kulala. Mchimbaji aivue nje, nyuma ya nyumba, aoge, avae nguo nyingine. Ile ya shimo aitie mara moja katika ndoo ya maji. Msiikung'ute ikiwa kavu, wala msiipige ukutani, kwa kuwa mavumbi yataruka na anayefula atayavuta puani. Ilale majini kwanza, mavumbi yashuke chini ya ndoo, ndipo ifuliwe kwa sabuni. Tena ifuliwe peke yake. Nimeona beseni moja yenye suruali ya shimo na nepi za mtoto pamoja. Hiyo si kufula, ni kugawanya uchafu kwa wote.

Maji ya kwanza ya nguo ile msiyamwage katika bustani ya mboga wala karibu na kisima. Chimbeni kishimo kidogo mbali, myamwage humo.

Hapa nitasema neno kwa wababa, na mnivumilie, maana mimi ni kijana mbele yenu. Mwanamume anayeweza kubeba gunia la mawe anaweza kufula suruali yake mwenyewe. Mama mwenye mimba asipewe kazi hiyo hata kidogo.

Na maji ya kufulia yatoke wapi? Pale ambapo watu wanaosha madini mtoni, msifule chini yao; mwende juu yao, au mchote kisimani. Maji yenye rangi ya udongo mwekundu au ya kijani hayasafishi kitu. Sabuni haitoi povu, na shuka nyeupe inageuka kama gunia.

Nimetaja gunia. Jambo hili linanihusu mimi moniteri kabisa. Magunia yaliyobeba madini ninayaona yameoshwa mara moja tu mtoni, halafu yametandikwa chini na muhogo umeanikwa juu yake. Mengine yameshonwa kuwa tandiko la watoto. Gunia la namna ile halitakati, mavumbi yamekaa ndani ya nyuzi. Lirudi shimoni kwa kazi yake. Muhogo uanikwe juu ya mkeka au juu ya kichanja kilichoinuka.

Sasa tuje kwa kuanika nguo, maana kuna adui mwingine, na huyu mnamjua wote. Ni yule funza anayeingia chini ya ngozi na kufanya jipu. Wazungu wanamwita ver de Cayor, kwa jina la nchi ya Cayor katika Senegali. Wengine wanasema jipu hilo linatoka kwa damu mbaya, au jirani mwenye wivu amelituma. Hapana. Linatoka kwa nzi. Nzi huyo jike anapenda kivuli. Anataga mayai juu ya udongo wenye harufu ya mkojo, na juu ya nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Nepi isiyofuliwa vizuri inamwita kama sukari inavyoita sisimizi. Kwa siku mbili au tatu mayai yanaanguliwa, na kifunza kidogo sana, msichoweza kukiona, kinangoja katika pindo la nguo. Kinaweza kungoja hata wiki mbili bila kula. Mtoto akivalishwa nguo ile, kinapata joto la mwili, kinaingia ndani bila yeye kusikia maumivu.

Basi nguo zisitandazwe juu ya majani wala juu ya mchanga. Simikeni miti miwili katika jua, mbali na miti ya kivuli, mfunge kamba juu kuliko kichwa cha mbuzi. Anikeni asubuhi jua likiisha kupanda, mwanue kabla ya jioni. Nguo ambayo haikukauka isilale nje.

Kamba peke yake haitoshi, hasa wakati wa mvua. Pasi ndiyo inayomwua. Pasi ya makala iwe moto kweli, ipite pande zote mbili, ikae kidogo juu ya mapindo, juu ya ukanda wa suruali na pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili, maana hapo ndipo kifunza anajificha. Wengi wananyoosha mbele tu, palipo na uzuri, na ndani wanaacha. Nguo za nailoni zitaungua. Wekeni juu yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo. Na kama makala ni machache, anzeni na nepi, mashuka na nguo za ndani. Shati la Jumapili lingoje.

Asiye na pasi aazime. Akikosa kabisa, nguo ikiisha kukauka vizuri aifunge ndani ya mfuko usioingiza nzi, akae zaidi ya wiki mbili kabla ya kumvalisha mtoto. Ninajua ni vigumu kwa mwenye nguo mbili tu. Kwa huyo, nepi zichemshwe, kisha zikaushwe ndani ya nyumba karibu na moto.

Jipu likiisha kutokea, msilikamue kwa nguvu: funza akipasuka ndani, kidonda kinaharibika. Pakeni mafuta mazito juu ya tundu, akose pumzi na kutokeza, ndipo munganga amtoe polepole.

Chandarua cha mbu kina sheria yake, na sheria hiyo inapingana na yote niliyosema. Kisichemshwe, kisipigwe pasi, kisianikwe juani, kwa sababu dawa iliyomo itaisha. Kifuliwe mara chache, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ndani ya beseni. Kisifuliwe mtoni, dawa yake inaua samaki. Kianikwe kivulini, juu ya kamba.

Mama mmoja aliniuliza habari ya wanga, na swali lake ni zuri. Mkikwaruza muhogo mbichi na kuukamua ndani ya maji, unga mweupe unakaa chini. Mwageni maji ya juu, mkoroge unga ule na maji baridi kidogo, halafu mmimine maji yanayochemka mpaka uwe kama uji mwepesi. Chovyeni humo mashuka na kola za mashati kabla ya kuanika. Mtumie ule wa siku hiyo tu, maana ukilala unachacha na kunuka.

Ijumaa nitapita tena na kamba ya katani. Kila nyumba iwe na miti yake miwili imekatwa.